Mfalme René na Daftari Lake: Nani Aliyelipia Uzuri?

Katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, kwenye barabara maarufu iitwayo Cours Mirabeau, imesimama sanamu ya mfalme. Mkono mmoja umeshika fimbo ya enzi, na mwingine umeshika kishada cha zabibu. Huyo ni René wa Anjou, aliyeishi kati ya mwaka 1409 na 1480, na ambaye watu wa Provence humwita hadi leo "Mfalme René Mwema". Husimuliwa kwamba ndiye aliyewaletea zabibu tamu za muscat. Husimuliwa pia kwamba wakati wa baridi alipenda kutafuta mahali penye jua pasipo na upepo ili azungumze na raia wake, na hata sasa watu wa huko hupaita mahali pa namna hiyo "meko ya Mfalme René".

Mtawala anayekumbukwa kwa zabibu na jua ni mtawala mwenye bahati. Wengi wa wakati wake wanakumbukwa kwa miji waliyoichoma. Lakini mimi, kama mwalimu wa historia, kila nionapo neno "mwema" limegandishwa kwenye jina la mfalme, hujiuliza maswali mawili. Nani alimpa sifa hiyo? Na nani alilipa gharama yake? Maisha ya René yanajibu maswali hayo vizuri kuliko maisha ya watawala wengi, kwa sababu alikuwa mshairi, alikuwa mfadhili mkubwa wa sanaa ya dini, na zaidi ya yote, vitabu vya hesabu za nyumba yake havikuangamia vyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya René ilipotea, lakini daftari limebaki na habari zake.

Tuanze na mtu mwenyewe. René alizaliwa Angers tarehe 16 Januari 1409, mtoto wa Louis wa Pili wa Anjou na Yolande wa Aragon, katika tawi la ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Kwa kuwa hakuwa mtoto wa kwanza wa kiume, alitafutiwa urithi kwa njia za makabaila: kardinali aliyekuwa ndugu wa bibi yake alimfanya mrithi wa nchi ya Bar, na mwaka 1420, akiwa mvulana wa miaka 11, aliozwa Isabelle, binti na mrithi wa mtawala wa Lorraine. Dada yake Marie aliolewa na Charles wa Saba, mfalme wa Ufaransa. Kwa hiyo René alikua katikati ya ile vita ndefu ya Wafaransa na Waingereza, na alimfahamu Jeanne d'Arc katika siku zake za ushindi.

Ukiorodhesha vyeo vyake utadhani ni mtawala wa nusu ya Ulaya: Duke wa Anjou, wa Bar na wa Lorraine, Kaunti wa Provence, Mfalme wa Naples na Sicily, Mfalme wa Yerusalemu, na baadaye Mfalme wa Aragon kwa mwaliko wa waasi wa Catalonia. Ukichunguza orodha hiyo utagundua kwamba Yerusalemu hakuiona kamwe, Sicily hakuitawala, Aragon hakuipata, na Naples aliikalia miaka minne tu. Mengi aliyokuwa nayo yalikuwa majina.

Mwaka 1431 baba mkwe wake alifariki, na René akadai Lorraine kwa haki ya mkewe. Antoine wa Vaudémont, ndugu wa ukoo huo, alisema nchi haiwezi kurithiwa kupitia mwanamke. Hoja ya sheria ikaenda kuamuliwa uwanjani. Tarehe 2 Julai 1431, huko Bulgnéville, jeshi la René lilivunjwa na yeye mwenyewe akatekwa, akakabidhiwa kwa Philippe, Duke wa Burgundy, aliyemfunga katika mnara mmoja wa jumba lake huko Dijon. Mnara huo upo hadi leo na unaitwa Mnara wa Bar, kwa cheo cha mfungwa wake. Mwaka 1432 aliachiwa kwa muda baada ya kuwaacha wanawe wawili rehani. Kisha likatokea jambo la ajabu. Mwaka 1434 kaka yake alifariki akamwachia Anjou na Provence. Mwaka 1435 Malkia Joanna wa Naples alifariki akamwachia ufalme. Mfungwa akageuka mfalme, na kwa sababu hiyo hiyo bei yake ikapanda. Duke wa Burgundy alimrudisha gerezani, na mwaka 1437 alimwachia kwa ahadi ya fidia ya vipande 400,000 vya dhahabu, vile vilivyoitwa écu.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Hatukuzoea kuuliza fedha kama hiyo ilitoka wapi. Vitabu husema tu "René alikombolewa", kana kwamba dhahabu ilidondoka kutoka mawinguni. Katika mfumo wa kikabaila, kumkomboa bwana aliyetekwa vitani lilikuwa mojawapo ya majukumu yaliyotambulika ya raia wake. Mkulima wa Anjou, ambaye hakuwahi kusikia hoja ya urithi wa kike huko Lorraine, alitozwa ili kulipia kushindwa kwa bwana wake katika ugomvi wa familia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na baada ya pambano, nyasi ndizo pia zinazodaiwa malisho.

Wakati René akiwa gerezani, aliyekwenda kumshikia Naples alikuwa mkewe Isabelle, aliyetawala huko kwa jina lake tangu mwaka 1435 hadi mumewe alipofika mwaka 1438. Sanamu ya Aix haimkumbuki mwanamke huyo. René alipigana na Alfonso wa Aragon kwa miaka minne, na mwezi Juni 1442 mji ukaanguka. Alirudi Ufaransa na cheo cha ufalme bila ufalme, na madeni yenye uzito wa kweli.

Miongoni mwa waliomdai walikuwa raia wa Metz, mji tajiri uliojitawala karibu na Lorraine. Mwaka 1444, wadai hao walipochoka kusubiri, waliikamata mizigo ya Isabelle iliyokuwa ikipita karibu na mji wao. René hakulipa. Alimwita shemeji yake Charles wa Saba, wakauzingira mji kwa miezi kadhaa, na katika mapatano ya mwaka 1445 Metz ilikubali kufuta madeni ya René. Kila ninapofundisha kipindi hiki huwaeleza wanafunzi kwamba hapo ndipo tunapouona ukabaila bila vazi la sikukuu: mdeni mwenye jeshi hana haja ya kulipa.

Je, mtu huyu aliitwaje "mwema"? Jibu la kwanza ni tamasha. Baada ya kupoteza Naples, René alikuwa bingwa wa Ulaya katika michezo ya mapambano ya farasi na mikuki, na baadaye aliandika kitabu kizima cha kueleza taratibu za mashindano hayo, kuanzia mialiko hadi mavazi. Mwaka 1446, karibu na Saumur, alijengewa ngome ya mbao kwa ajili ya mchezo, na maandamano yake yalikuwa na simba wa kweli. Mwaka 1449, huko Tarascon, tamasha lilichukua sura nyingine: bibi mmoja wa ukoo bora alivalishwa kama mchungaji wa kike, akaketi mbele ya kibanda pamoja na kondoo, na wapiganaji wakaja wakiwa wachungaji wa kuigiza. Watu waliokula jasho la wachungaji walicheza mchezo wa kuwa wachungaji, na wachungaji halisi, bila shaka, waliendelea na kazi.

Jibu la pili ni kalamu, na hapa nataka kumtendea haki. René hakuwa mtawala aliyeandikiwa na makarani kisha akaweka jina lake. Alikuwa mwandishi. Alibadilishana mashairi na Charles wa Orléans, binamu yake katika ukoo wa kifalme, aliyetekwa na Waingereza mwaka 1415 na kukaa mikononi mwao miaka 25. Washairi wawili bora wa tabaka lao walikuwa watu waliofungwa gerezani, na ushairi wao unafahamu kungoja ni nini.

Kazi yake kubwa ni ile ya mwaka 1457, hadithi ya nathari na mashairi ambamo moyo wa mtunzi unatolewa kifuani na Mapenzi wakati wa usiku na kukabidhiwa kwa Shauku. Moyo unakuwa mpiganaji na kuanza safari ya kumtafuta mpenzi aitwaye Huruma Tamu. Katika hadithi nyingi za aina hiyo shujaa angeshinda. Moyo wa René unashindwa, unajeruhiwa, na unamalizia siku zake katika hospitali ya Mapenzi kwa sala na tafakuri. Mfalme aliyepoteza Naples aliandika kushindwa kwake mwenyewe, wala hakukipaka rangi ya ushindi.

Miaka miwili kabla, mwaka 1455, aliandika kitabu cha dini kuhusu kuzima anasa za bure. Ndani yake Nafsi inalia kwa sababu ya moyo wake mkaidi, kisha inaukabidhi kwa Hofu ya Mungu na Majuto, nao wanaupeleka kwenye msalaba ambako unapigwa misumari. Katika kitabu hicho kuna mfano mmoja ambao sijaweza kuusahau. Mwanamke maskini amebeba gunia la nafaka kwenda kwenye kinu, na inampasa kuvuka daraja bovu. René anamtumia mwanamke huyo kueleza safari ya roho katika dunia yenye hatari. Picha hiyo inaonyesha kwamba alikuwa amemwona. Alijua uzito wa gunia, alijua mbao za daraja zimeoza. Lakini yeye ndiye aliyekuwa bwana wa nchi. Katika utaratibu wa wakati ule vinu vingi vilikuwa vya mabwana, na mabwana walitoza ushuru wa kusaga na wa kupita madarajani. Mshairi aliliona daraja bovu akalifanya mfano wa roho. Mtawala angeweza kulifanya kazi ya seremala.

Kwangu mimi, kiini cha maisha ya René kipo kwenye daraja hilo. Sidai kwamba ibada yake ilikuwa unafiki. Nadai kwamba mtu anaweza kuwa na huruma ya kweli katika maandishi, na huruma hiyo isifike kamwe kwenye meza anapotia saini. Jambo hilo si geni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini.

Jibu la tatu la wema wake ni ufadhili wa sanaa ya dini, na hapa ndipo alipowashinda wengi. Mwaka 1448, kwa ruhusa ya Papa Nicholas wa Tano, aliamuru kanisa la Saintes-Maries-de-la-Mer, kwenye pwani ya Provence, lichimbwe, na mifupa iliyopatikana ikatangazwa kuwa ya Maria wa Yakobo na Maria Salome, wale wanawake wa Injili ambao mapokeo yanasema walifika pwani hiyo kwa mashua. Mwezi Desemba mwaka huohuo masalia yao yaliinuliwa kwa sherehe kuu mbele ya mfalme. Bila shaka aliamini. Bila shaka pia, mfalme aliyepoteza Naples miaka sita kabla alihitaji nchi yake iliyobaki ionekane kuwa nchi iliyoteuliwa. Imani na siasa zilitembea bega kwa bega, na si rahisi kwetu leo kuzitenganisha.

Huko Avignon alimwagiza mchongaji Francesco Laurana mchoro wa mawe wa Kristo akibeba msalaba, ambao leo upo katika kanisa la Saint-Didier. Katika Aix, mchoraji Nicolas Froment alimkamilishia, mwaka 1475 na 1476, mchoro mkubwa wa mbao wenye mabawa mawili yafungwayo kama milango. Katikati, Musa anavua viatu mbele ya kichaka kiwakacho moto bila kuteketea, na ndani ya kichaka ameketi Bikira Maria na Mtoto. Kwenye mabawa wanapiga magoti René na mke wake wa pili, Jeanne wa Laval. Froment hakumpendelea mlipaji wake: amemchora mzee mnene, mwenye uso uliolegea na macho yaliyochoka. Nampa René heshima kwa kuikubali picha hiyo. Wako watawala wasiovumilia hata kibonzo cha gazeti.

Sasa turudi kwenye daftari. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mchoro wa kichaka ulichorwa na René mwenyewe. Walimwamini pia kuwa mchoraji wa picha za kile kitabu cha moyo, ambazo ni miongoni mwa picha bora za karne ya 15. Ilikuwapo hata ngano kwamba alipoletewa habari ya kupoteza nchi alikuwa akichora kwale, na hakuweka brashi chini. Mfalme mwema, mfalme mshairi, mfalme mchoraji: sifa zilimiminika upande mmoja kama maji kwenye bonde. Kisha katika karne ya 19 watunza nyaraka walifungua hesabu za malipo, wakakuta jina la Nicolas Froment na fedha alizolipwa. Watafiti wa baadaye walizirejesha picha za kitabu cha moyo kwa Barthélemy d'Eyck, mchoraji aliyetoka nchi za kaskazini na kuishi katika nyumba ya mfalme miaka mingi akiwa mtumishi wake.

Fundisho hapa ni zito. Jina la fundi lilizama ndani ya jina la mfadhili kwa karne kadhaa, na halikuokolewa na hadithi za wazee wala nyimbo za sifa. Liliokolewa na mstari mmoja wa karani aliyeandika nani alilipwa na kwa kazi gani. Makarani na watunza kumbukumbu wanaosoma makala hii wajue kwamba kazi yao yenye vumbi ni kazi ya haki. Lakini daftari hilo lina upungufu wake pia. Limetaja aliyepokea fedha, likamtaja aliyeitoa, na halikumtaja kwa jina yule mwenye gunia la nafaka ambaye fedha ilianzia kwake. Froment alirudishiwa jina lake. Yule mwanamke wa darajani hana wa kumrudishia.

Miaka ya mwisho ya René ilikuwa ya misiba. Mwanawe Jean alifariki Barcelona mwaka 1470 akipigania taji la Aragon. Mwaka 1471 binti yake Marguerite, aliyekuwa malkia wa Uingereza, alimpoteza mwanawe wa pekee vitani Tewkesbury na kutekwa. Alikombolewa na Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa kwa sharti la kumwachia mfalme huyo haki zake zote za urithi. Mjukuu Nicolas alifariki 1473. Mwaka 1474 Louis aliitwaa Anjou, nchi aliyozaliwa René, na mzee hakuwa na nguvu ya kumzuia. Aliishia Provence, na huko alifariki tarehe 10 Julai 1480. Mpwa wake aliyemrithi alifariki mwezi Desemba 1481, na Provence ikaingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa.

Nadhani hapo ndipo neno "mwema" lilipopata nguvu yake. Baada ya René, watu wa Provence hawakuwa tena na bwana wao wenyewe aliyekaa kati yao. Wayahudi wa Provence, ambao René aliwalinda huku akiwatoza sana, walishambuliwa miaka michache tu baada ya kifo chake, na mwanzoni mwa karne ya 16 walifukuzwa nchini. Wema wa mtawala hupimwa mara nyingi kwa ubaya wa aliyemfuata. Na wakati sanamu ya zabibu iliposimamishwa mwaka 1823, Ufaransa ilikuwa imerudishiwa wafalme baada ya mapinduzi na Napoleon; kumbukumbu ya mfalme mpole aliyependwa na wakulima ilikuwa bidhaa yenye soko.

René mwenyewe, kwa upande mmoja, alijua zaidi ya waliomchongea sanamu. Kaburi lake katika kanisa kuu la Angers, lililoanza kujengwa yeye akiwa hai, lilipambwa kwa mchoro wa mifupa ya mfalme aliyeketi kwenye kiti cha enzi, taji likiwa bado kichwani, mwili ukiporomoka. Watu wa Aix walitaka kuuzuia mwili wake kwao, lakini mjane wake Jeanne aliutoa kwa siri ukazikwe Angers, kama alivyousia. Kaburi hilo liliharibiwa wakati wa mapinduzi. Mapazia makubwa ya kufumwa yanayosimulia kitabu cha Ufunuo, ambayo babu yake aliyaagiza na René akayaachia kanisa hilo kwa wosia, yalikatwakatwa na kufanywa matandiko na mikeka, hata ya mazizi ya farasi, mpaka kasisi mmoja wa Angers alipoyakusanya na kuyatengeneza katika karne ya 19. Leo kiasi cha mita 100 zimebaki, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuzitazama.

Wanafunzi huniuliza: je, tuuchukie uzuri huo kwa sababu ya kodi iliyoulipia? Nawajibu hapana. Uzuri ukishakuwapo ni wa wote, na wa kwanza mwenye haki nao ni mjukuu wa yule aliyetozwa. Tunachopaswa kukataa ni risiti ya uongo, ile inayosema kwamba mtawala alitoa zawadi. Mtawala hutoa kilichotoka kwa watu. Anapojenga nyumba ya ibada, anapofadhili tamasha, anapogawa zawadi mbele ya kamera, swali letu liwe lile lile: fedha ni ya nani, fundi ni nani, na daftari liko wapi?

Na yuko mwingine wa kuuliziwa. Wakati tukitazama kishada cha zabibu mkononi mwa sanamu, mwanamke mwenye gunia bado yumo katika kurasa za kitabu cha René, amesimama mbele ya daraja bovu. Mshairi alimwona mwaka 1455. Mtumishi wa umma wa leo anayemwona, na mwenye uwezo wa kuita seremala, hana haja ya kumwandikia shairi kwanza.